Namba Ndogo Nilizoziruka

...na kama jibu lako la kwanza ungelichapisha kwa wino mzito, mshauri mpendwa, pengine leo nisingekuwa nimechuchumaa mbele ya tuta la mchicha nalia kama niliyefiwa. Ulinijibu kwa mstari mmoja tu, "Muulize anayesoma," nami nikacheka, nikakikata kile kipande cha gazeti nikakibandika ukutani karibu na picha yetu ya harusi, halafu nikaenda kufanya nilichokuwa nimeshaamua.

Nakukumbusha, maana najua unapokea barua nyingi. Mimi ndiye bibi harusi wa Isikizya niliyekuuliza mwezi uliopita kwamba watu wawili waliooana juzi, wanaotaka kusoma vitabu vya kwenye mashine, wachague kipi, kishikwambi chenye rangi na picha na video, au kile kifaa cha kusomea vitabu tu, cheusi na cheupe, ambacho mume wangu hukiita kisomeo. Sikukwambia kwamba kisomeo tulikuwa nacho tayari. Kilikuwa cha Silasi, aliachiwa na mtafiti wa misitu aliyefanya naye kazi miezi sita. Nilichokuwa nakuuliza hasa ni kama naweza kukitoa, ila sikuthubutu kuliandika swali hivyo.

Mshauri, kwanza nikwambie kwamba nina furaha, nisije nikaonekana mke mwenye malalamiko, maana ndoa yetu ina wiki saba na bado kila asubuhi nikiamka naitazama pete kabla ya kutazama dirisha. Silasi ni mrina asali, nguo zake zina harufu ya moshi na nta hata zikifuliwa mara tatu, na mimi harufu ile naipenda hivi kwamba shati lake moja sijalifua tangu aondoke, nalalia. Ni mtu wa maneno machache. Wakati wa uchumba aliniandikia ujumbe wa simu mmoja tu kwa wiki, mfupi, na ulikuwa unanitosha wiki nzima. Mimi ndiye msemaji, yeye ndiye msomaji, husoma akila, husoma akisubiri chai ipoe, na nilipoolewa nilijiambia kwamba nami nitakuwa msomaji ili tuwe na cha kuzungumza tukizeeka.

Siku ya kwenda kambi ya asali aliniwekea kisomeo mezani juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, akasema, "Hiki kitakaa na wewe. Kuna riwaya humo nimekuchagulia. Soma kidogo kila siku, usikimbilie mwisho. Nikirudi nitakuuliza."

Nikamwambia, "Sawa, mwalimu mkuu. Na nikifeli?"

"Utarudia darasa."

Akacheka, akabeba ndoo zake na kamba zake, akapanda lori na wenzake. Mama mkwe wangu, Mama Asnath, alisimama nami barabarani mpaka vumbi likatulia, kisha akaniambia, "Mwanangu, katika ukoo wetu mrina akiwa porini kitu chake hakivuki kizingiti. Shoka lake, kiatu chake kibovu, hata kipande cha sabuni. Kinamsubiri kilipo." Nikaitikia, "Ndiyo, mama," na kabla maji ya chai hayajachemka nilikuwa nimeshasahau.

Nilisoma, mshauri, usidhani sikujaribu, nilisoma kurasa kumi na moja. Ilikuwa habari ya mpagazi wa zamani, kijana wa hapa hapa Unyanyembe, aliyebeba pembe za ndovu begani hadi Pwani akamwacha mkewe mpya nyumbani, na ilikuwa nzuri, ila kile kioo cha kijivu kilinichosha moyo, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya, na ukigusa kinafikiri kwanza ndipo kigeuze ukurasa. Juu ya baadhi ya maneno kulikuwa na namba ndogo ndogo, moja, mbele kidogo mbili, halafu tatu. Nikadhani ni kama zile namba za marejeo kwenye Biblia ya baba yangu, ambazo tangu darasa la kipaimara sijawahi kuzifuata hata siku moja. Nikaziruka. Mshauri, ukiishia hapa katika kuisoma barua hii utakuwa umeshajua majuto yangu yote: niliziruka.

Ndipo jirani yangu Hafsa akaja na video ya harusi yetu kwenye kadi ndogo, tumeisubiri wiki nne, na kwangu hakuna pa kuitazamia kwa sababu simu yangu ni ya kitochi. Hafsa akakinyanyua kisomeo akakigeuza mbele na nyuma. "Shoga, hiki ni kitu gani? Kigae? Bwana harusi kakuachia kigae cha bafuni!" Nilicheka, lakini kilinichoma. Nikaanza kumwona Silasi anarudi kutoka porini amechoka, anaoga, anakaa, namfungulia kishikwambi na sisi wawili tumo humo tunacheza kwaito na wajomba zake, kwa rangi, na vitabu vyake vyote navyo vimo humo humo, vinang'aa. Sikuona hasara popote. Kitabu si ni kitabu, mshauri? Maneno ya mpagazi si ni yale yale?

Nikaenda Tabora mjini kwenye duka la Abasi, anayenunua na kuuza vifaa vilivyotumika. Alikipindua, akakiwasha, akaniambia, "Dada, hivi vinapendwa na watu wachache, lakini akipenda mtu anapenda kweli kweli. Una uhakika?"

"Ni cha kwetu," nikasema, "nina uhakika." Neno hilo la "kwetu" nilikuwa nalo wiki sita tu na nilipenda kulitumia kila mahali. Nikaongezea hela ya zawadi za harusi, nikatoka na kishikwambi kimefungwa kwenye karatasi kama keki.

Video niliitazama mara tisa. Kusoma, sasa. Niliipakua riwaya ile ile ya mpagazi nikaanza upya, na nikifika ukurasa wa tatu inaingia salamu ya kundi la kamati ya harusi ambayo hadi leo haijavunjwa, naijibu, narudi, naingiliwa na video ya mtu anapika maandazi. Nikitoka uani kwenye jua sioni mstari hata mmoja, najiona mwenyewe tu na kilemba changu. Alasiri chaji imekwisha na umeme umekatika. Siku saba, kurasa nne. Kile kigae, mshauri, tangu kabla ya harusi hatukuwahi kukichaji.

Siku ya nane Silasi akapiga simu. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nao hukipanda kwa zamu, kwa hiyo nilimsikia anahema na wenzake wanamtania kwa chini, "Mwambie na nyuki wanakusalimia!"

Akaniuliza, "Minza, umefika namba ngapi?"

"Namba gani?"

Upepo ulikuwa mkali, akapandisha sauti.

"Namba zangu. Zile ndogo. Ukizigusa zinafunguka. Nimekuandikia moja ya kila siku, thelathini na moja, mpaka nirudi. Ile wiki ya mwisho kabla sijaondoka, uliyodhani nasoma tu."

Mshauri, mtu wa ujumbe mmoja kwa wiki ameandika thelathini na moja. Na mimi kwa mdomo wangu nikasema, "Ah, hizo! Nimefika ya saba."

"Ya saba ulicheka?"

"Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini."

Akacheka kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, "Nilijua. Hawa wananiambia mimi sijui kuchekesha mtu." Simu ikakatika.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Abasi kabla hajafungua. Akaniambia, "Nimeshakisafisha, dada. Kila kinachoingia hapa nakirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Na kimeshaondoka, kachukua mwalimu mmoja wa Bukene." Nikamuuliza kama hakuona chochote humo kabla hajafuta. Akaona haya. "Mimi si mtu wa kusoma mambo ya watu. Ila kimoja kilifunguka nilipokuwa nagusa nione kama kioo kinaitika." Nikamsihi aniambie. Akatazama kaunta, akasema kama mtoto anayesema ubeti alioukariri: "'Minza, simama hapa. Nenda kamwagilie mchicha, halafu urudi.'"

Nilikaa kwenye stuli yake. Akanipa maji. "Pole, dada," akasema. "Ningejua ningekuuliza mara mbili." Nikamwambia, "Uliniuliza."

Ule mchicha, mshauri, aliupanda yeye siku mbili kabla ya kuondoka, nami sikuukumbuka hata mara moja. Nilipofika nyumbani nusu ya tuta ilikuwa imeshakauka.

Sasa naomba uniokoe. Hafsa anasema niseme nimeibiwa, Jilala muuza maji huingia uani kila asubuhi na madumu yake, nani atabisha? Mimi nilifikiria kutafuta kisomeo kama kile kile, niipakue riwaya ile ile, halafu niseme namba zimejifuta zenyewe. Au ninyamaze mpaka atoke porini mwisho wa mwezi, labda asali itakuwa nyingi na moyo wake utakuwa laini. Niambie lipi. Na usinione sina haya, lakini bado nataka kujua, kati ya viwili vile, watu kama sisi wanapaswa kuwa na kipi? Nakusihi jambo moja, usiisome barua hii kwenye kipindi chako cha redio cha Jumamosi, kambini wana redio wameitundika mtini na wanakusikiliza wote.

Ni mimi, mwenye furaha na majuto,
Bibi harusi wa Isikizya

MSHAURI ANAJIBU

Minza binti yangu (na wasomaji wajue majina yote nimeyabadili), sikuisoma redioni. Nimekujibu hapa kwa sababu gazeti haliendi kambini, na kwa sababu habari hii Silasi lazima aipate kwako, si kutoka juu ya mti.

Pole. Naisema pole kwanza kwa sababu baada ya hapa nitakusema, na ninataka ujue kwamba ninayekusema nakuonea huruma. Mimi niliwahi kulifua koti la marehemu mume wangu bila kupekua mfuko. Karatasi ilitoka rojo. Hadi leo sijui iliandikwa nini, na ni miaka kumi na tisa. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba jambo hili ni dogo.

Hafsa mwambie afunge mdomo. Mwizi wa kubuni hupigwa mgongo wa kweli. Jilala ana mgongo, ana watoto, na pale kwenu ikitoka kauli kwamba muuza maji ameiba nyumbani kwa mrina aliye porini, hakuna atakayesubiri ushahidi. Wewe uliyeona uchungu kwa maneno yaliyofutika, utaweza kumtazama mtu aliyevunjwa mkono kwa ajili ya kigae?

Kununua kingine na kusema namba zimejifuta, huko nako ni kukituma kifaa kikusemee uongo. Umeshasema mmoja kwenye simu. Tazama ulivyomfurahisha, na tazama unavyokukaba. Akirudi atakuuliza ya kumi na mbili, ya ishirini. Utacheka mara ngapi?

Mwalimu wa Bukene mwache asome kwa amani. Amenunua kihalali, kitu kitupu. Wako watakaokwambia kwamba maandishi ya pembeni hubaki yamehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye kifaa, nao hawakosei, hubaki kama kifaa kiliwahi kuunganishwa na intaneti baada ya kuandika. Wewe unatumia simu ya kitochi, na wiki ile mumeo hukumwona akiunganisha kitu. Anayejua ni yeye peke yake. Muulize, lakini usiutundike moyo wako hapo.

Sasa fanya hivi. Leo hii nenda kwa Mama Asnath, piga magoti, umwambie kwamba kitu cha mwanawe kimevuka kizingiti na mkono uliokivusha ni wako. Utasemwa. Semwa. Ulidhani ile ni imani ya kizamani ya mambo ya nyuki, kumbe ni adabu: vya mtu asiyekuwepo havina wa kuvitetea. Kisha chukua karatasi na kalamu, umwandikie Silasi yote, pamoja na lile la ya saba, na mama mkwe atajua lori gani linapeleka ndoo tupu kambini wiki hii. Usimsubiri mpaka atoke. Mtu aliyetoka porini na asali yake anakuja kupumzika, haji kupokea msiba. Mwache akasirike huko huko, apasue kuni, agombane na nyuki, aje nyumbani hasira imeshapungua.

Usimwombe aziandike upya thelathini na moja. Hatazikumbuka zote, na zile alizozisahau zimekwenda, huo ndio ukweli na itabidi uishi nao. Mwombe ya saba tu. Akiikumbuka akuambie kwa mdomo, umetulia, Hafsa hayupo, kishikwambi kimezimwa. Ikikuchekesha, cheka. Isipokuchekesha, usicheke.

Swali lako la mashine nalijibu, maana uliuliza mara mbili na mara ya kwanza nilikuwa mvivu wa maneno. Kishikwambi ni kama nyumba yenye wageni. Kina rangi, kina picha, kinafaa kwa video ya harusi yenu, kwa vitabu vya watoto mtakapojaliwa, kwa vitabu vya shule vyenye ramani na michoro. Lakini kila ukikaa humo kusoma kuna anayebisha hodi, na juani hakionekani, na chaji yake haimalizi siku. Kile cha kijivu ni chumba chenye kiti kimoja. Hakijui kupiga simu, hakijui maandazi, unakisoma juani kama karatasi, na chaji moja inakwenda wiki kadhaa, ndiyo maana mtu wa porini alikipenda. Anayesoma vitabu virefu mwanzo hadi mwisho, na umeme wake ni wa kubahatisha, achukue hicho na asionewe huruma. Anayesoma kurasa mbili mbili kati ya mambo mengine, kishikwambi kinamtosha, ila azime salamu za kamati kabla ya kukifungua.

Wewe usikiuze sasa hicho kishikwambi kwa majuto. Utakuwa umerudia kosa lile lile, kutoa kitu cha nyumba bila kumuuliza mwenzako. Kiweke. Silasi akirudi, akishakula, akishalala, nendeni wote wawili kwa Abasi. Yule kijana ana adabu, aliuliza. Mwambieni awatafutie cha kijivu kingine, na safari hii mbele ya kaunta mseme "chetu" mkiwa wawili.

Na ile riwaya ya mpagazi, isome hadi mwisho. Kwenye kishikwambi, kwenye karatasi, popote. Mumeo alikuchagulia habari ya mwanamke aliyeachwa nyumbani, akataka kukaa pembeni yako ukiisoma, na hiyo ndiyo njia aliyoipata mtu asiyejua kusema. Namba zake huna tena. Riwaya unayo.

Ile moja uliyopewa na Abasi, itii kila siku kabla jua halijakaza. Palipokauka, panda tena, mchicha haukawii. Ninakuja Tabora kwenye ubatizo wa mjukuu wangu, na nitapanda gari la Isikizya kabla mwezi huu haujaisha. Usinipikie, usinitandikie kitanda. Nikibisha hodi nipitishe moja kwa moja uani, nilione hilo tuta.